Utando wa Tatu

Meya Ndimbo alibonyeza kitufe. Kioo cha pili kikashuka taratibu upande wa ndani wa ukuta wa kioo wa ukumbi wa jiji, na mtaa wa Mgandini ulio ng'ambo ukazama gizani, jua likiwa utosini. Wageni wakapiga makofi, kisha wakarudi kwenye pilau yao.

Hilo ndilo pazia-nuru. Mwanga hutetema pande zote, lakini kila kioo kina utando unaoachia mtetemo wa upande mmoja tu: cha kwanza, yaani ukuta wenyewe, wima, cha pili mlalo. Unaopita cha kwanza hugonga mwamba kwenye cha pili.

Mhandisi Sikudhani Mgaya, aliyelibuni ili kukinga wodi za wagonjwa na jua kali, hakupiga makofi. Nyuma ya giza lile shangazi yake, Mwasiti, alikuwa mkekani kwenye matanga ya mumewe, aliyefukiwa na roboti-bomoa lililoambiwa nyumba haina mtu. Wafiwa walikataa kuhama kabla ya kuanua matanga. Meya naye alikwishaamua: maroboti yarudi wakati wa karamu, wageni wasione kitu.

"Bado naona kaweupe pale pembeni," Meya alilalamika. "Mhandisi, huna namna?"

"Nina utando wa tatu, Mheshimiwa. Niuingize katikati?"

"Hilo nalo la kuuliza? Ongeza, mwanangu, ongeza!"

Alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba kichujio juu ya kichujio huzidisha giza. Haya, ajionee. Sikudhani akauteremsha utando uliokatwa kimshazari. Mtetemo wa wima ukageuzwa mshazari, na wa mshazari ukapata upenyo kwenye kioo cha mlalo. Mgandini ikatokea, hafifu kama alfajiri: mikeka, masufuria ya msiba, wanawake waliojitanda kanga, na nyuma yao maroboti yameinua mikono ya chuma.

Wageni wakageukia kioo.

"Ondoa!" Meya alifoka.

"Umeshaganda kwenye kioo."

"Basi inua kile cha pili!"

"Inua, Mheshimiwa. Wataonekana vizuri zaidi."

Walinzi wakamkamata Sikudhani mikono. Hasira iliyomkaba tangu mazishi ilimpa raha sasa alipoitema. "Nao wanatuona! Mwanga hauchagui upande!"

Kweli, Shangazi Mwasiti alikuwa amesogea hadi kwenye kioo, akitazama sahani zao.

Balozi mmoja, mama wa makamo, akaweka sahani chini, akajifunika mtandio kichwani, akauliza mlango wa kwenda msibani uko wapi. Sikudhani akamwonyesha kwa kidevu.