Kamera Begani mwa Kasoki

Jumamosi ile soko la mtaa wa Kenya lilikuwa limefurika. Mabasi yalipiga honi, moto, pikipiki za abiria, zilipenya katikati ya watu, na moshi wa nyama choma ulipita juu ya vichwa. Kasoki alikuwa ameinama akichagua samaki wakavu, amevaa libaya, blauzi ya kitenge cha wax cha kijani, yenye mikono mipana. Alipoinua kichwa, akakuta jicho la kamera linamtazama. Nyuma ya kamera alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

Kasoki akamwendea moja kwa moja, akafunika kioo cha kamera kwa kiganja.

"Nani alikupa ruksa ya kukamata sura yangu?"

"Pardon, chérie, mi nilikuwa natafuta lumière, mwangaza tu..."

"Chérie ya nani? Mupenzi ya nani? Futa!"

Wauza samaki wakaangua kicheko. "Mufutie, papa! Huyu hana muchezo!"

Kijana akafuta picha mbele ya macho yake, kisha akasugua kioo kwa pindo la shati. "Sasa kamera yangu inanuka samaki."

"Njo vile itajifunza adabu."

Akaondoka na kapu lake. Kwenye kona akageuka nyuma. Kijana alikuwa bado amesimama palepale, anacheka.

Jumatatu walikutana tena chuoni, darasa la video lilipoanza. Chisanga, mwalimu wao wa video, aligawa wanafunzi watatu watatu. Kila kikundi kitengeneze filamu fupi juu ya mkaaji mmoja wa mji. Kasoki akapangwa na yule kijana, ambaye jina lake lilikuwa Ariel, pamoja na Pierre, mwenye kompyuta nzuri na maneno mengi kuliko kompyuta.

"Kasoki atakuwa présentatrice, mutu wa kusema mbele ya kamera," Pierre akaamua. "Uko muzuri, unasema muzuri. Ariel kamera. Miye montage, kukata na kuunga picha."

"Mi sikukuya hapa kupamba filamu. Kamera nitashika miye."

"Iko nzito, ma chère."

"Kwetu nabebaka gunia ya unga. Leta."

Pierre akamtazama Ariel amsaidie kubisha. Ariel akavua mkanda wa kamera shingoni mwake, akamvisha Kasoki.

Walichagua kumpiga filamu Mado, mwanamke pekee aliyeendesha moto ya taxi pale Kenya. Wanaume wa kituo chake walikuwa wamemwambia arudi jikoni. "Tumbo ya batoto yangu haiulizake kama dereva ni mwanaume," Mado aliwajibu, na akabaki.

Kwa majuma kadhaa Kasoki alijifunza kubana viwiko mbavuni ili picha isitetemeke, kushika pumzi wakati wa kupiga, kuweka karatasi nyeupe mbele ya kamera ili rangi zisidanganye. Upepo ulipoharibu sauti, Ariel alivua soksi yake safi akaivisha mikrofoni. Jioni simu ya Kasoki ililia.

"Allô, bosi?"

"Bosi anakula. Unataka nini?"

"Soksi yangu."

"Ile soksi imekuwa artiste. Hairudie tena kwa muguu yako."

"Na miye? Nirudie kwa nani?"

Kasoki alijizuia kucheka. "Kesho kuya mapema, mupenzi," akasema, na kukata simu kabla Ariel hajamwomba alirudie neno lile.

Kisha mambo yakaharibika. Siku moja alikuta baba yake, Papa Kakule, amesimama mlangoni pa depo yao, ghala la unga, huko Ruashi, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu alikuwa Kasoki mwenyewe, amepanda moto nyuma ya Mado, kitambaa kimeanguka kichwani, anaimba kwa sauti yote. Ilikuwa video ya majaribio. Ilikuwa imezunguka WhatsApp yote ya kanisa.

"Nilikutuma université kujifunza ao kuchekesha batu?" baba akauliza. "Na huyu Ariel anayekupigia kila siku, ni mutu wa Kasai, haiko wa kwetu, sivyo? Kamera imeisha. Kuanzia leo, kazi yako ni depo."

Kasoki alimpita kuelekea nyumbani. Aliingia chumbani, akapiga simu.

"Ariel, ile vidéo yangu ya moto. Kadi ya kamera ilikuwa kwako."

"Ndiyo, lakini sikiya..."

"Uliniuza!"

"Kasoki, haiko miye! Niache niseme..."

Akakata. Ariel alipopiga tena, akazima simu, akalia mpaka mto ukalowa. Kulipokucha akaosha uso, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda chuoni. Machozi yake yalikuwa ya Ariel, lakini kamera ilikuwa yake. Alimaliza kumpiga Mado bila kumwangalia Ariel usoni, akisema naye maneno ya kazi tu: songa, nyamaza, tena.

Siku ya montage, Pierre aliegemea kiti na kujisifu. "Ile teaser yangu, kionjo cha filamu, ilitembea! Batu mingi sana baliitazama. Munishukuru."

"Teaser gani?"

"We juu ya moto. Niliitoa kwa kadi ya Ariel, nikaituma. Publicité, matangazo, quoi!"

Kasoki akafunga kompyuta kwa nguvu hata Pierre akaruka. "Utaandika kwa kila groupe ulikotuma, useme ni weye. Leo. Kama haiko vile, Chisanga atajua."

Akapanda basi mpaka nyumbani kwa akina Ariel. Alimkuta barazani, akimshikia mama yake kitambaa kwenye cherehani. Mama akawatazama wote wawili, akakumbuka ana maji jikoni.

"Ni Pierre," Kasoki akasema.

"Najua. Nilijua siku ileile, kadi nilimuachia yeye."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulinipa nafasi gani? Pale sokoni ulinifundisha kuuliza mutu kabla ya kukamata sura yake. Lakini weye ulikamata yangu bila kuniuliza."

Kasoki akainama. "Nilikosa, Ariel. Nihurumie."

"Iliniuma, unajua."

"Najua. Na miye iliniuma. Minakupenda, njo maana."

Ariel akasogea kwenye benchi, akampigapigia nafasi kando yake. "Rudia ile ya mwisho. Sikusikia muzuri."

"Ulisikia!"

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa. Mado alipotokea akikata kona, shuka lake likipepea, watu walipiga kelele. Chisanga akauliza nani alishika kamera. Pierre alifungua mdomo; Kasoki akasimama mbele yake.

"Ni miye. Kila picha."

Papa Kakule hakufika. Mchana uleule Kasoki akamshika Ariel mkono, wakapanda basi la Ruashi. Njiani Ariel alinyoosha kola mara tatu.

"Na kama atanifukuza?"

"Atatufukuza wawili."

Baba alikuwa getini akihesabisha magunia. Wafanyakazi wakaacha kazi kutazama.

"Papa, jambo," Kasoki akasema. "Filamu imeisha, na ni miye niliipiga. Kamera siiache. Na huyu njo Ariel. Yeye pia simuache."

Papa Kakule aliutazama mkono wa binti yake ndani ya mkono wa kijana. Kasoki hakuuachilia.

"Pierre mumoja aliandika kwa groupe ya kanisa, akaomba pardon," baba akasema mwishowe, kwa sauti kavu. Akamgeukia Ariel. "Kijana, bazazi bako, baba na mama, bako wapi?"

"Bako Kenya, papa."

"Basi usikuye tena hapa peke yako kama mwizi. Siku utarudi, urudi nabo."

Ariel akafungua mdomo kushukuru, lakini Kasoki alimtangulia.

"Atarudi nabo, Papa. Wakati nitamaliza masomo. Kabla ya pale, hapana."