Jaribio la Kumi na Tisa

"Marehemu Dominika, mke wangu..."

Dominika alisimama ghafla mlangoni, ungo mkononi. Sauti ilitoka chumbani, ya mumewe Dastani, nzito na tulivu, isiyokwama hata mara moja. Na Dastani alikuwa kwenye mikorosho tangu asubuhi, upande wa pili wa Chilangala.

Akafunua pazia. Chumba kitupu. Simu aliyoisahau mumewe ilikuwa inawaka kitandani, kengele ya mazoezi imeiwasha rekodi.

"...alizaliwa Lukuledi. Nilimpenda, na leo tunamrudisha mavumbini."

Kisha ikaingia sauti ya kike, ya ile programu ya kufundisha watu kuhutubia. Dastani, mwenye kigugumizi tangu utoto, alikuwa akiitumia kila siku.

"Jaribio la kumi na tisa. Neno 'marehemu' sasa unalitamka vizuri. Pumua kabla ya jina la mkeo."

Tarehe kwenye kioo ilikuwa ya juzi.

Dominika akakumbuka uji aliopikiwa asubuhi. Ulikuwa bado mezani, hajaugusa. Akamtuma mtoto wa jirani mikoroshoni na ujumbe: "Rudi. Nimesikia maziko yangu."

Dastani alifika mbio, anahema.

"Umetia nini kwenye uji, Dastani?"

Akamtazama, akautazama uji. Akaunyanyua, akaunywa wote.

"Mwezi wa tatu," akasema, "ulipozimia siku mbili pale hospitali ya Mkomaindo, da... daktari aliniambia nijiandae. Nikakumbuka maziko ya mama. Nilisimama kusoma wasifu, ne... neno halikutoka. Vijana wakacheka. Nikaapa wewe si... sitakuzika hivyo."

"Lakini nilipona. Juzi ulikuwa unamzika nani?"

Dastani akalisogeza bakuli tupu.

"Naogopa kuacha. Naona siku nitakayoacha, ndi... ndiyo utakayokufa."

Dominika akaketi karibu naye.

"Humo umesema ulinipenda. Mimi hujawahi kuniambia."

"Humo sikwami."

"Kwama. Nakusikia."

Akaanza. Neno lile moja lilimtoa jasho, na Dominika hakumsaidia hata herufi. Lilipotoka, wote wawili walikuwa wanalia.

Dastani akaichukua simu, akabonyeza kufuta. Maandishi yakatokea:

"Una uhakika unataka kumfuta Dominika?"

Kidole kikaganda. Rekodi alikuwa ameipa jina la mkewe.

"Si... siwezi."

Dominika akabonyeza "Ndiyo" mwenyewe.

Kioo kikazima. Dastani akaweka sikio kifuani pa mkewe, akasikiliza moyo wake ukipiga. Hakuliondoa hadi jua lilipozama.