Kisigino cha Kushoto

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikwenda nyumbani, lakini Unyayo alikata kona nyuma ya shule na kuingia karakana ya viatu vya michezo. Jina hilo la Unyayo alipewa darasani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini alivaa kiatu namba arobaini, sawa na mwanamke mzima. "Kiatu chako kikipotea, paka atazalia humo!" wenzake walimtania. Yeye alicheka pamoja nao, maana miguu hiyo hiyo ndiyo iliyompatia shughuli aliyoipenda kuliko zote.

Shughuli yenyewe ilikuwa kujaribu viatu vya tenisi vya wanawake. Shangazi yake, mshonaji wa hapo karakanani, ndiye aliyempeleka kwa mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita Bi Fundi. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, vidole vyake vimekauka kwa gundi. Siku ya kwanza alimpima Unyayo miguu jioni, akiwa amesimama na amevaa soksi nene za michezo.

"Mbona usinipime Jumamosi asubuhi, Bi Fundi, nikiwa sijachoka?" Unyayo aliuliza.

"Asubuhi mguu umelala, mwanangu. Jioni umetembea, umevimba kidogo. Mchezaji hachezi na mguu uliolala."

Akamfundisha hatua kwa hatua. Kwanza gonga kisigino sakafuni mpaka kikae nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kimbia mbele, kimbia nyuma, na zaidi ya yote kimbia pembeni, kulia na kushoto, kwa kuwa huko ndiko mchezaji wa tenisi anakoteseka. Kila kiatu kipya kilitakiwa kuvaliwa mbioni saa mbili kwa siku, siku tano mfululizo. Baada ya hapo mjaribu anajaza fomu: vidole, kisigino, pembeni, soli. Mwisho anaweka sahihi.

Siku ya pili ya kujaribu kiatu kipya, Unyayo alikuwa peke yake kwenye kiwanja kidogo cha saruji nyuma ya karakana, akipiga mpira ukutani. Mpira ulikwenda kushoto. Akaukimbilia, akakanyaga kwa nguvu ili asimame, na hapo kisigino cha kushoto kikapanda ndani ya kiatu. Mguu ulitaka kwenda huku, kiatu kikaenda kule. Kifundo cha mguu kilipinda, akajibwaga kwenye uzio. Alikaa chini akihema. Alijikaza, akafunga kamba hadi vidole vikafa ganzi, akajaribu tena. Kisigino kikapanda tena.

Aliangalia mlangoni. Hakuna aliyemwona. Cherehani zilikuwa zikinguruma ndani.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikuwa hofu ya kuanguka. Alimkumbuka dada aliyejaribu viatu kabla yake. Shangazi alimsimulia habari zake huku akicheka: "Yule alilalamika kama mlango mbovu! Mara vidole, mara kisigino, mara soli. Sasa hayupo." Unyayo alikuwa amelishika neno moja tu, kwamba sasa hayupo. Aliamini kuwa anayelalamika huondolewa.

Kuanzia siku ya tatu hakuvaa vile viatu kabisa. Alivaa viatu vyake vya zamani, akapiga mpira ukutani ili sauti isikike ndani, na vile vipya akavisugua soli kwa mkono kwenye ukuta wa saruji mpaka vikaonekana vimetumika. Siku ya tano alijaza fomu. Alipofika kwenye neno kisigino, kalamu ilisita. Kisha akaandika: *Kinashika vizuri.*

Bi Fundi alivigeuza viatu, akaangalia soli, akakunja uso kidogo kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Wakati huo huo mteja akamwita kutoka mlangoni. Akaisoma fomu haraka, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kazi nzuri, Unyayo. Kesho tunaanza kushona pea kumi na mbili."

Unyayo hakuuliza pea hizo ni za nani.

Alijua Alhamisi ya wiki iliyofuata. Dada yake mkubwa aliingia nyumbani na boksi kwapani, akiimba. "Mama! Timu yetu ya tenisi imepata viatu vipya! Vya kwa Bi Fundi! Jumamosi tunacheza navyo!"

Unyayo alikuwa akimenya viazi. Kisu kilimponyoka.

Dada yake alikuwa amerudi uwanjani wiki tatu tu zilizopita. Mwaka uliotangulia kano la goti lake la kushoto lilichanika, akapasuliwa, akatembea kwa magongo miezi minane. Unyayo ndiye aliyekuwa akimbebea maji ya kuoga na kumshika mkono ngazini. Aliwahi kumsikia akilia chini ya shuka akidhani watu wamelala. Na daktari alisema waziwazi kwamba goti hilo likipinda vibaya mara ya pili, tenisi basi.

"Umenuna nini wewe?" dada yake aliuliza, akizunguka sebuleni na viatu miguuni. "Na nimeambiwa mjaribu ni wewe mwenyewe! Nimewaringia wenzangu wote. Nimewaambia, mdogo wangu ndiye aliyevipitisha hivi."

"Vinakubana?" Unyayo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vinibane wapi? Nimevaa kama soksi."

Ndiyo, kutembea sebuleni vilikuwa vizuri. Hata yeye, siku ya kwanza, alipokuwa akitembea tu, hakuona kasoro. Kila dada yake alipogeuka, Unyayo alikitazama kisigino cha kushoto. Ijumaa darasani mwalimu alimwita mara tatu bila kuitikiwa. Mara ya nne aliruka kutoka kwenye dawati kama aliyechomwa sindano, na darasa zima likaangua kicheko.

Ijumaa jioni alipiga magoti kando ya kitanda. Alisali kwa muda mrefu. Mama yake, aliyekuja kuchukua nguo za kupiga pasi, alisimama mlangoni akamsubiri.

"Unaomba nini, mwanangu, kwa jasho lote hilo?"

"Mvua, mama."

"Mvua? Na kesho dada yako anacheza?"

Unyayo aliinamisha kichwa. Mama alikaa kitandani, nguo mapajani. Hakumwuliza zaidi. Alisema tu, taratibu, "Mimi huomba sana, wewe unajua. Naomba yale ambayo mkono wangu haufiki. Lakini yale ambayo mkono wangu unafika, Mungu hunitazama aone kama nitainuka. Kama una jambo linalofikika, usilale nalo."

Midomo ya Unyayo ilifunguka. Akaona sura ya Bi Fundi, sura ya shangazi, wenzake wakimcheka, na jina lake chini ya ile fomu. Midomo ikafungika. "Sina jambo, mama," alisema. Huo ukawa uongo wa pili, nao ulimwia mzito kuliko ule wa kwanza.

Jumamosi jua liliwaka bila wingu hata moja.

Viti vya uwanjani vilijaa. Bi Fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, kama bibi harusi, akiwaonyesha watu viatu vyake miguuni mwa wachezaji. Shangazi alikuwa kando yake, akipiga vigelegele kabla mchezo haujaanza. Unyayo alikaa nyuma yao na mama yake.

Wachezaji walianza kupasha misuli moto. Dada yake alirudisha mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikwenda pembeni. Akaukimbilia, akakanyaga, na Unyayo akaona: kisigino cha kushoto kilipanda. Dada yake aliyumba, akajishikilia kwa raketi. Aliinama, akakaza kamba, akainuka akitabasamu. Mwamuzi alipanda kwenye kiti chake kirefu.

Unyayo alisimama. Miguu ilitetemeka, ile miguu mikubwa iliyomletea sifa, sasa ikawa kama si yake. Alijiambia angoje kidogo, woga upungue. Haukupungua. Mwamuzi akainua mkono.

"Dada, vua viatu!"

Hakujua alipitaje kwenye mlango wa uzio. Alijikuta amesimama katikati ya uwanja. Watu walicheka. "Huyo naye anataka kuvivaa?" mtu alipaza sauti. "Mwacheni, vinamtosha!"

Kocha alikuja mbio, uso umemwiva. "Mtoto, toka uwanjani!"

"Avue kwanza," Unyayo alisema, machozi yanamtiririka. "Kisigino cha kushoto hakishiki. Mimi nilianguka. Sikusema. Niliandika kinashika vizuri, na siku tatu sikuvivaa kabisa, nilivisugua ukutani. Nilidanganya. Dada, goti lako!"

Kicheko kilikatika. Dada yake alimtazama kana kwamba hamfahamu. Bi Fundi aliinuka pole pole, akashuka uwanjani bila kumtazama Unyayo. Alipiga goti mbele ya dada yake Unyayo, akamwambia akunje goti na kuegemea mbele, kisha akaingiza kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikaingia. Akaongeza cha pili. Nacho kikaingia.

"Vua, mwanangu," alisema. Kisha akainua kichwa. "Wote vueni."

Aliwakagua mmoja mmoja pale pale, mbele za watu, na jasho likimtoka puani. Katika pea kumi na mbili, pea tano zilikuwa na kosa hilo, zote kiatu cha kushoto. Wachezaji walivaa viatu vyao vya zamani vilivyochakaa. Walishindwa siku ile. Lakini dada yake Unyayo alicheza hadi mpira wa mwisho, na alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili. Walipofika mlangoni tu ndipo alipomshika mdogo wake begani. "Nimekukasirikia sana," alisema. "Na nitaendelea kukasirika mpaka keshokutwa, nadhani. Lakini asante."

Jumatatu Unyayo alikwenda karakanani kupokea adhabu yake. Alimwamkia Bi Fundi, "Shikamoo," kwa sauti isiyosikika.

"Marahaba. Njoo huku."

Juu ya meza kulikuwa na miguu ya mbao, ile ambayo viatu hushonewa juu yake vipate umbo. Bi Fundi alishika mmoja wa kushoto, wa namba arobaini, akauweka mbele ya Unyayo. Kisiginoni palikuwa pamebandikwa kipande chembamba cha ngozi, kikiupanua.

Shangazi alijikohoza. "Hicho nilikibandika mimi," alisema, akiangalia sakafu. "Kuna mama mmoja mwenye kisigino kipana, tulimshonea mwezi uliopita. Nilipaswa kukibandua. Nikasahau. Mkono wangu huu huu."

Unyayo alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia shangazi akikiri kosa, hata la kuunguza chai.

"Na mimi," Bi Fundi alisema, "niliziona soli zako. Soli iliyochezewa huisha kwenye ncha na chini ya kidole gumba. Zako zilikuwa zimesuguliwa sawasawa kama sufuria. Nililiona hilo, nikaamini karatasi. Sasa niambie, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniondoa. Kama yule dada aliyekuwa analalamika."

Bi Fundi alimtazama shangazi. Shangazi alifunika mdomo. "Jamani! Yule alihamia mji mwingine na mumewe! Nilikuwa natania tu!"

"Ningempata leo, ningemrudisha kwa mikono miwili," alisema Bi Fundi. "Sikumweka anisifie viatu. Wa kusifu ninao wengi, huyu shangazi yako akiwa wa kwanza. Nataka mtu wa kuniambia vinapouma."

Adhabu ilikuwa hivi: wiki mbili Unyayo hakugusa kiatu kipya. Alifagia vipande vya ngozi, na kwa alasiri tano alikwenda na Bi Fundi kwa wale wachezaji watano, mmoja kila siku, kuomba radhi na kupima visigino vyao upya. Ziara ile ya kwanza nusura imtie homa. Ya tano ilimtetemesha vile vile, lakini sauti ilitoka.

Baada ya hapo alipewa pea iliyorekebishwa. Alikimbia saa zote, siku zote tano. Kisigino kilishika barabara. Lakini siku ya nne kidole kidogo cha kulia kilianza kuwaka moto, na siku ya tano kikatoka lengelenge. Aliisogeza fomu mbele yake. Wateja walikuwa wamesubiri mno, na kwa haraka hiyo viatu vilikuwa vimekwisha kushonwa na kupangwa kwenye maboksi kabla ya majibu yake. Kalamu ilitetemeka. Akaandika: *Kisigino kizuri. Kulia, kidole kidogo kinabanwa. Nimepata lengelenge.*

Bi Fundi aliisoma mara mbili. Akavua miwani. "Fungueni maboksi," aliwaambia mafundi. "Havitoki leo."

Mafundi waliguna. Unyayo alitamani ajifiche chini ya meza.

"Nilikuwa naogopa kukuandikia hivyo," alinong'ona.

"Najua. Karatasi yenyewe inaonyesha, mwandiko umekwenda kama kuku." Bi Fundi alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kuogopa si kosa. Mimi mwenyewe kila pea ikitoka mlangoni naogopa, na huwa naiombea. Kosa ni kungoja woga uishe ndipo useme kweli. Unaweza ukangoja, na mwenzako akaumia. Sema ukiwa bado unaogopa. Mungu haionei haya sauti inayotetemeka."

Kisha akamkabidhi plasta ya kidole na kumwambia avue soksi.