Swali Moja Ambalo Sikumuuliza Bhoke

Nina umri wa miaka sitini na minne, mstaafu wa idara ya maendeleo ya jamii, mkazi wa Nyamisangura mjini Tarime. Naomba wasomaji wanivumilie, kwani ninaandika nikiwa na hasira... na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuwezesha vikundi. Tulifundishwa kwamba mwezeshaji haamui. Hukaa pembeni na kuwaachia wanakikundi uamuzi wao. Kanuni hiyo niliivunja mara moja, kule Mbalibali, nilipowakatiza wafugaji waliokuwa wakibishana na kuwaamulia mimi kila kitu. Kikundi kikavunjika! Barua ya onyo ikaingia katika jalada langu, ya kwanza katika utumishi wangu wote. Nikaapa kutorudia.

Baadaye nikapangiwa kikundi cha wakulima na wafugaji huko Nyamwaga. Walihitaji njia ya kupitishia ng'ombe kwenda mtoni. Njia ya mkato ilipita katikati ya shamba la migomba la Bhoke, mjane kijana mwenye watoto watatu. Hakuwa na shamba lingine. Na mwenyekiti wa kikundi alikuwa nani? Baba mzazi wa marehemu mumewe!

Asubuhi ya kikao Bhoke alinisubiri njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mimi siwezi kubishana na baba mkwe mbele za watu. Wewe ni Mkurya, unajua mila yetu. Lakini ukiniuliza wewe, nitakuwa naijibu serikali, siyo yeye. Sema tu, 'Bhoke, unasemaje?' Basi."

Nikamjibu, "Nimekusikia." Sikutamka kwamba nitamuuliza... lakini yeye alielewa hivyo, nami nilijua ameelewa hivyo.

Kikaoni wazee waliketi kwenye viti. Bhoke aliketi chini nyuma yao, amejitanda kanga, uso ameuelekeza pembeni kama mila inavyomtaka mkamwana. Mwenyekiti akatangaza kwamba njia ipite pale, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Bhoke akakohoa. Nikainamia daftari langu. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Mzee mmoja akatania, "Mpeni maji huyo! Ng'ombe hawajapita bado, vumbi limeshamkaba?"

Watu wakacheka. Nami nikaandika kwa mwandiko wangu safi: "Wajumbe wote waliafiki. Hakuna aliyepinga."

Nilijiambia kwamba nazingatia kanuni. Uongo! Nilikuwa nalilinda jalada langu.

Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, migomba ilikuwa imelala chini kwa kukanyagwa na ng'ombe. Bhoke alizungushia miiba, wachungaji wakaiondoa. Alipolalamika, alijibiwa kwamba kikao kilikwishaamua. Mwishowe akachukua wanawe na kuhamia mjini. Leo anauza sokoni ndizi zilizolimwa na watu wengine... yeye aliyekuwa akiwagawia majirani mikungu mizima!

Nilipostaafu, nilimwendea mwenyekiti kumwomba suala lile lifunguliwe upya, kwa kuwa muhtasari haukueleza ukweli. Akaingia ndani, akatoka na karatasi.

"Mwezeshaji, mwandiko huu si wako? Au umestaafu pamoja na macho?"

Sahihi ilikuwa yangu. Maisha yangu yote nilijivunia kumbukumbu zilizonyooka, na kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo iliyomnyang'anya mjane shamba lake. Ni aibu gani inayozidi hiyo?

Nilitoka pale nikaenda sokoni. Bhoke alisimama, akanipa shikamoo kwa heshima ile ile. Nikasema, "Mwanangu, leo nakuuliza. Bhoke, unasemaje?"

Akarudi kupanga ndizi zake.

"Baba," alisema, "leo hakuna kikao."

Ndugu zangu mnaoongoza vikundi, nawasihi msiifuate njia yangu. Watu wenye uwezo wa kusema wanapobishana, waacheni wabishane. Pale Mbalibali nilipaswa kunyamaza. Lakini aliyefungwa mdomo na mila, cheo au hofu hawezi kuachwa "aamue mwenyewe" huku sisi tukijificha nyuma ya kanuni. Anapokohoa, inueni vichwa kutoka kwenye daftari. Muulizeni... muulizeni angali ameketi mbele yenu!