Ndoana za Baba Redio

Vidole akitoka shule hakuwa na safari ndefu. Anavuka barabara, anapita kwa fundi baiskeli, anaingia dukani kwa mama yake kwa mlango wa nyuma. Anavua sketi ya shule, anaitundika kwenye msumari juu ya gunia la maboya, anakaa kwenye kreti tupu la soda na kuanza kufunga ndoana. Wakati mwingine hata maji hajanywa. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Mtaani aliitwa Vidole, kwa sababu vidole vyake vilikimbia kwenye uzi wa nailoni kama vimetumwa na vinaogopa kuchelewa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja na kaunta ya mbao. Ukipita haraka hulioni. Ila ndani, we acha tu. Nyavu zinaning'inia toka darini, nyuzi za kila unene, ndoana zimejaa kwenye makopo ya maziwa, kamba, vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi. Na kulikuwa na desturi iliyoanza tangu bibi yake alipokuwa anauza hapo: ukinunua uzi na ndoana, unafungiwa bure.

Sasa mwaka ule likafunguliwa Duka Kubwa. Lilikuwa na jina lake, limeandikwa kwa taa, na lina matawi kila mji, lakini watu walisema Duka Kubwa tu na kila mtu alielewa. Milango ya kioo inafunguka yenyewe. Ndani kuna baridi utadhani umeingia kwenye friji. Katikati ya magodoro na televisheni wakaweka ukuta mzima wa vifaa vya kuvulia, na bei yao ilikuwa chini kidogo. Aliyeuza pale alikuwa binti wa fundi cherehani, mtu wa mtaa huohuo. Ukimuuliza ndoana ipi inafaa samaki gani, anacheka. "Mjomba, mimi samaki namjua akishafika kwenye sahani."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Watu walikuja kwanza kwa mama yake Vidole.

"Mama Vidole, hivi kwa wale samaki wakubwa nichukue uzi wa unene gani?"

Mama anashusha nyuzi, anampa mtu avute, apapase, anamweleza mpaka aelewe.

"Asante sana mama. Ngoja nikajipange."

Anajipanga moja kwa moja mpaka Duka Kubwa. Jioni unamwona huyo, na mfuko wa njano wa Duka Kubwa mkononi, hata haya hana. "Vidole mwanangu, nifungie hizi basi."

Vidole alikuwa anamtazama mama yake, na mama anasema neno moja tu. "Mfungie."

Siku moja alishindwa kuvumilia. "Mama, wamenunua kule. Si wakafungiwe kulekule?"

"Kule hawajui kufunga."

"Basi wajifunze."

"Mfungie mtu aende zake, Vidole. Usinitafutie maneno."

Lakini Vidole alikuwa na macho. Makopo ya maziwa yalizidi kuwa matupu, na mzigo mpya hauletwi. Mama aliacha kuwasha taa mchana, akasema tunabana tu kidogo. Halafu siku moja Vidole akamsikia anaongea na shangazi kwenye simu, kwa sauti ya chini. "Wifi, nikifika mwisho wa mwaka nimejitahidi. Duka nitalifunga."

Vidole alikuwa nyuma ya pazia, ndoana mkononi. Mwisho wa mwaka haukuwa mbali.

Siku chache baadaye akaingia Baba Redio. Huyu alikuwa baba wa msichana aliyekaa dawati moja na Vidole, ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa sababu hazimiki. Baba yake sasa, kinyume kabisa. Watu walitania kwamba maneno yote ya nyumba ile yalikwenda kwa mtoto. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni mpaka kilipofungwa, na tangu hapo alikuwa anajifunza kuvua. Mara kadhaa alikuja kumuuliza mama maswali. Leo alikuja na mfuko wa njano.

"Mama hayupo?"

"Ametoka. Amepeleka kamba gatini."

"Basi nifungie wewe." Akamwaga vitu kwenye kaunta: kamba moja ndefu, nyuzi fupi za kuning'inia kwenye hiyo kamba, na ndoana, kila uzi na ndoana yake. "Mikono yako naiamini kuliko yangu."

Akatoka nje kusubiri. Vidole akabaki anautazama ule mfuko.

Kufunga ndoana vizuri kunataka mambo matatu. Unazungusha uzi mara za kutosha. Unaulowanisha kwa mate. Halafu unakaza polepole mpaka fundo likae. Vidole alipunguza mizunguko. Mate hakutia. Akakaza kidogo tu, akakata ncha vizuri, ikawa inapendeza. Ukitazama kwa macho, hata fundi mwenzake asingejua. Akafanya hivyo kwenye nyuzi karibu zote, na moyoni alikuwa anasema, zikimtoka huko majini atajua vya Duka Kubwa havifai. Atawaambia na wenzake.

"Asante, mwanangu," alisema Baba Redio. Vidole akajifanya anafagia.

Kesho yake asubuhi, Redio alifika darasani tayari anaongea. "We Vidole, unajua baba leo kaenda majini na Bi Kapteni?"

Bi Kapteni alikuwa mwanamke mwenye boti pale gatini. Sauti yake ilisikika kabla yeye hajaonekana. Kumwajiri mtu hakukuwa mchezo kwake.

"Kamwambia aje na mshipi wake, safari moja ya majaribio. Akirudi na samaki, anamchukua moja kwa moja. Asiporudi nao, kuna mtu mwingine anasubiri hiyo nafasi. Na baba kasema akikosa atasafiri mbali kutafuta kazi, na huko harudi mpaka sijui lini. Lakini atapata. Si umemfungia wewe?"

Boti ilishaondoka. Mwalimu alimwita Vidole kusoma, akasimama akasoma ukurasa ambao darasa lilishaupita.

Siku iliyofuata, Redio ilizimika. Alikaa chini, akafungua daftari, kimya. Ni mpaka mapumziko ndipo alipotoa mfukoni kipande cha uzi.

"Samaki waliuma," alisema. "Baba aliwasikia kabisa mkononi. Kila akivuta, uzi mtupu, ndoana hakuna. Bi Kapteni kasema ni vitu vya Duka Kubwa, uzi unakatika kama wa kushonea. Baba anaondoka wiki ijayo."

Vidole aliushika ule uzi. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga. Uzi uliokatika hauwi hivyo. Ukikatika, ncha inakuwa kavu, imenyooka. Ukijikunja ujue fundo liliteleza, likajivuta likajifungua lenyewe. Vidole alijua hilo tangu yuko darasa la pili. Akamrudishia Redio uzi wake.

Alipofika dukani, hakuamini. Watu walijaa mpaka mlangoni. Bi Kapteni alikuwa amepiga kelele gatini kutwa nzima, na habari zikatembea. Taa ilikuwa inawaka mchana. Mama anashusha nyuzi, anapima kamba, anacheka na wateja.

"Mama Vidole, tusamehe bwana. Vya rahisi vimetuadhiri."

"Karibuni tu, jamani. Mlango haujafungwa."

Mama alimvuta Vidole pembeni, akamshika shavu. "Unaona, mwanangu? Labda sitafunga tena." Mikono yake ilinukia kamba mpya. Zamani Vidole aliipenda sana harufu hiyo.

Alifunga ndoana mpaka vidole vikauma, na kila fundo alilikaza kuliko kawaida, kama vile hilo lingesaidia. Kupitia dirishani alimwona binti wa fundi cherehani akipita na kanga usoni, analia. Mtu akasema meneja wa Duka Kubwa amemtuhumu kwamba anauza mzigo mbovu huku akijua.

Wateja walipoisha mama akaanza kufagia, huku anaimba. Ni kule kuimba ndiko kulikomshinda Vidole.

"Mama. Uzi wa Baba Redio haukukatika."

Ufagio ukasimama.

"Nilimfungia mimi. Nililegeza. Nilitaka waseme kule kubaya."

Mama akamgeukia. "Ncha zimejikunja?"

"Ndiyo, mama."

"Zote?"

"Karibu zote."

Mama akakaa kwenye kreti la soda, mahali pa Vidole. Alitazama makopo ambayo ndoana zake zilikuwa zimenunuliwa siku ile mpaka zikabaki chache. Halafu akanyanyuka, akazima taa.

"Vaa viatu."

"Mama, tukisema watarudi tena kulekule. Na wewe ulisema utafunga..."

"Nimesema vaa viatu."

Walipita kwanza kwa Baba Redio. Begi lilikuwa limesimama karibu na mlango, zipu imefungwa. Mama hakueleza, alimwomba tu awafuate gatini, na mshipi wake auchukue. Redio naye akafuata, hakuna aliyemkataza.

Bi Kapteni alikuwa anagombana na mtu kuhusu mafuta ya injini. Mama akamsukuma Vidole mbele taratibu, akamwachia. Watu wakageuka. Vidole alisema yote macho yakiwa kwenye miguu ya Bi Kapteni, kwenye viatu vyake vya mpira vyenye magamba ya samaki. Alipofika pale pa kulegeza, alisikia Redio akivuta pumzi.

Bi Kapteni alichukua mshipi, akaangalia ncha moja, akaangalia nyingine. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Na mimi nimelitukana duka la watu kutwa nzima. Miaka yote hii majini, hata kutazama ncha sikutazama."

"Kumbe hata kwa Mama Vidole si pa kuamini," alisema mtu nyuma. "Kesho narudisha maboya yangu."

"Rudisha," alisema mama. "Nitakupa hela yako."

Watu wote walimtazama Baba Redio, wakidhani angalau leo atapiga kelele. Alimtazama Vidole tu. "Niliisifu mikono yako," alisema. Vidole aliona bora angepigwa.

Bi Kapteni alikohoa. "Nafasi bado sijampa mtu. Kesho kutwa tunatoka tena. Njoo na mshipi huohuo, ufungwe upya. Tuone sasa ni mtu au ni uzi."

Asubuhi mama alimpeleka Vidole Duka Kubwa. Milango ikafunguka yenyewe, na Vidole akasimama mbele ya meneja akarudia maneno yaleyale, huku binti wa fundi cherehani akimtazama. Mara ya pili haikuwa rahisi zaidi, nani kasema. Mchana wake, mama akatoa ndoana kwenye makopo yake mwenyewe kufidia zilizopotea, na Vidole akakaa na Baba Redio, uso kwa uso, akafunga. Kila alipomaliza moja, Baba Redio aliitundika kwenye msumari wa kaunta, akavuta kwa nguvu zote. Moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

Boti iliporudi, Vidole hakwenda gatini, aliogopa. Alijua matokeo kwa masikio. Redio alianza kuongea tangu kona ya mbali, anamhadithia fundi baiskeli, anamhadithia muuza vocha, anawahadithia hata mbuzi. Begi likatolewa nguo, likarudishwa juu ya kabati. Dawatini, Redio alikaa wiki nzima bila kumsemesha Vidole. Halafu siku moja akamwazima kichongeo, na hapohapo akamweleza habari zote za wiki nzima kwa mpigo.

Dukani wateja wengine waliondoka kweli. Wengine walibaki. Mama akabandika kipande cha boksi ukutani: aliyenunua hapa anafungiwa bure, aliyenunua kwingine analipia kazi. Kuna walionuna, lakini wengi walilipa, na kazi ya kufunga ikaanza kulisaidia duka. Habari ya kufunga mwisho wa mwaka haikusikika tena kwenye simu.

"Hasira yako ilikuwa na haki," mama alimwambia. "Mimi ndiye nilikosea kunyamaza, nikakuacha uibebe peke yako. Ningekusikiliza uliposema, tungebandika hili boksi mapema. Lakini hasira ya haki haikupi ruhusa ya kumdhuru mtu kwa siri."

Alasiri moja akaja Baba Redio, sasa ana kofia ya boti ya Bi Kapteni. Mfuko ulikuwa wa njano. Akalipa kazi, Vidole akafunga, na yeye akaanza: anatundika msumarini, anavuta. Anatundika, anavuta.

Vidole akamnong'oneza mama. "Mpaka leo anavuta kila moja."

"Mwache avute," alisema mama. "Ndoana ziko kila duka, Vidole, na kule ni rahisi. Hapa watu walikuwa wanakuja kuchukua kitu ambacho hakiko kwenye kopo. Mtu yuko majini, hakuoni, hawezi kukuuliza, na bado anautupa mshipi bila wasiwasi kwa sababu wewe ndiye umefunga. Hicho ulikipoteza chote siku moja. Kukirudisha ni kidogo kidogo. Kwa hiyo mwache avute, na wewe funga."

Vidole akalowanisha uzi kwa mate, akazungusha mara zote, akakaza polepole mpaka fundo likakaa. Kisha akanyoosha mkono, akamkabidhi Baba Redio ile ndoana kabla hajaiomba, na yeye mwenyewe akampisha afike kwenye msumari.