Husnah Msoma Presha

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na uso wangu una kasoro moja: nikihuzunika, watu hucheka. Matangani huombwa nikae nyuma. Aliyestahili kuisimulia ni Marjan mwenyewe, jirani yangu hapa Kyebando, lakini Marjan siku hizi hasemi na watu.

Marjan, Mnubi, dereva wa teksi ya kukodi, alikuwa na gari lenye tabo, ile pampu inayosukumia injini hewa, na gereji aliiona kama haramu. Alijifunza ufundi kwenye simu. Akanunua waya, akaunganisha laptopu na kompyuta ya gari, na kila Jumapili asubuhi akawa anapandisha presha ya tabo kidogo kidogo na kubana mafuta, akitafuta mbio.

"Bwana, hiyo injini si chapati ujifunze kwa simu," Oduor, fundi Mkenya wa Kamwokya, alimwambia.

"Na wewe ulisomea wapi, Oduor? Chini ya gari, kama mimi."

Lakini kazi ile haitaki mtu mmoja. Mmoja akanyage na kutazama barabara. Mwingine asome namba kwa sauti. Msomaji wake alikuwa mkewe, Husnah, laptopu mapajani, kwa sauti ileile aliyofundishia watoto madrasa: "Sifuri nukta nane. Sifuri nukta tisa." Alama nyekundu ikiwaka, yaani injini imeanza kugonga na pistoni ziko hatarini, alimgusa goti. "Toa mguu, Baba Nusura." Mguu ukatoka. Miaka minne injini haikuugua hata mafua.

Husnah akapata ujauzito wa pili. Mimba ilipofika miezi minane, Jumapili moja alichoka, akabaki kitandani. Gari likatoka bila yeye, likarudi limepandishwa hadi moja nukta tatu, Marjan akijisifu kwamba sasa linaruka.

Saa nane mchana uchungu ukaja, na damu. Marjan akampakia mkewe, akakanyaga. Kwenye mwinuko wa kwenda hospitali ya Mulago injini ikagonga mara tatu, ikatoa moshi, ikazima. Mvua ilikuwa inanyesha. Husnah alimwekea mkono gotini. Lilipopatikana gari jingine, mkono ule ulikuwa umeshapoa.

Wakazikwa wawili, kaburi moja.

Arobaini ilipopita, Marjan alimpeleka binti yake, Nusura, kwa bibi yake, akaifungua injini peke yake. Akabadilisha pistoni. Hakumwita Oduor. Akatoka kuijaribu asubuhi kweupe, barabara ya baipasi, laptopu kwenye kiti kitupu.

Akakanyaga. Tabo likapiga mluzi.

"Sifuri nukta tisa."

Alidhani ni redio. Redio ilikuwa imezimwa. Akatazama kushoto. Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa, na haukulalia kiti. Ulikuwa umetuna mbele, hewani, kama mkanda uliozunguka tumbo la miezi minane.

Akatoa mguu. Mkanda ukanywea.

Mwingine angeliuza gari siku ile ile. Marjan alirudi kesho yake. Akagundua kwamba chini ya sifuri nukta tisa Husnah hasemi. Juu ya hapo, anasoma. Kadiri presha inavyopanda ndivyo anavyokaa zaidi. Basi akaipandisha. Kila wiki, kidogo. Alikonda, akaacha kuchukua abiria. Kiti kile hakutaka kikaliwe.

"Utaiua tena hiyo injini, ndugu yangu," Oduor alimnong'oneza nje ya msikiti, alikomfuata.

"Nataka kumwomba msamaha," Marjan akasema. "Hanijibu. Anasoma namba tu."

Jumapili iliyofuata alipita pale pale, mwinuko wa Mulago.

"Moja nukta mbili."

"Husnah. Nisamehe."

"Moja nukta tatu."

"Nisamehe, Mama Nusura."

"Moja nukta nne."

Injini ikaanza kugonga. Alama nyekundu ikawaka. Marjan akasubiri amwambie atoe mguu. Alisubiri ule mguso wa goti. Hakuna. Injini ikagonga. Hakuna. Ikagonga tena.

Ikafa.

Vijana wa bodaboda walilisukuma gari kando, na pale pale likabaki hadi jioni. Wote walioshuhudia wanasema halikusogea.

Lakini laptopu hurekodi. Oduor aliifungua mbele yetu. Injini: sifuri. Presha: sifuri. Na mwendo, baada ya injini kufa: kilomita ishirini kwa saa. Taratibu, kama anayeendesha amebeba mgonjwa. Mita mia nane, kisha kusimama. Tulikwenda kupima kwa miguu. Mita mia nane kutoka pale ni mlango wa wodi ya wazazi.

Watu wa mtaa humlaumu Marjan. Angekwenda kwa fundi, wanasema, na mimi hutikisa kichwa pamoja nao, kwa uchungu, nao hucheka. Hawajui kwamba Jumapili ile Husnah alipobaki kitandani, kiti chake hakikuwa kitupu. Marjan alinigongea dirisha akaniomba nikamsomee namba. Nilizisoma kama mtangazaji wa mpira. Alama nyekundu iliwaka nikiwa katikati ya kichekesho, nikaona nimalize kwanza.

Na Marjan alicheka sana. Kilikuwa kichekesho kizuri.