Dakika Ambazo Hakuwepo

Ilianza na dakika nne, na nani duniani amewahi kuogopa dakika nne? Saa ya ukutani kwenye karakana ya ushonaji ilisema saa nne kamili, wakati wa chai. Bangili ya mkononi mwa Sindano ikasema bado. Akaigonga kwa ukucha, akaitazama tena, akasonya, akaenda kunywa chai yake.

Sindano halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimbandika kwa sababu mbili: hakuna aliyemfikia kwenye cherehani, na ulimi wake ulichoma. Hata msimamizi alimpitia mbali. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mumewe, mchomeleaji wa mageti, alikuwa mtu wa maneno machache aliyeoa mwanamke wa maneno mengi, na binti yao wa miaka saba, waliyemwita Kidosho, alishazoea kukemewa, kukumbatiwa na kulishwa ndani ya pumzi moja. Sindano alipenda kwa kelele. Anayemtaka mpole akamtafute kwingine, hayo alikuwa akiyasema mwenyewe, na kwa sauti.

Bangili ililetwa na presha. Daktari alimwambia atembee hatua elfu nane kila siku, basi mumewe akamnunulia kile kidude cha mpira mweusi chenye kioo kidogo, kinachohesabu hatua, kinachopima mapigo ya moyo na kuonyesha saa. Kilitoka kwenye boksi lake, kipya. Alikiunganisha na simu ya mkewe, akamvisha, akamtania kwamba leo ndiyo atajua kama ana moyo kweli.

Jioni ile ya dakika nne, mume alichukua simu, akabonyeza hapa na pale, bangili ikachukua saa ya simu na kukaa sawa. Kesho yake ilichelewa dakika kumi na moja. Keshokutwa, arobaini. Kila jioni mume aliisahihisha, kila jioni Sindano alilalamika kwamba amenunuliwa takataka, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Sindano akaipeleka kwa fundi simu, kijana mwenye kibanda nyuma ya soko. Fundi alikaa nayo siku tatu. Alipoirudisha alikuwa anajikuna kichwa. Alisema betri ni nzima, mashine ni nzima, na siku zote tatu juu ya meza yake haikukosea hata sekunde. "Inakosea ikiwa kwako tu, dada," alisema. Sindano akamuuliza kama anamwona mjinga, akaivaa, akaondoka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumshtua. Siku moja alikuwa akishona kola ya shati la shule, akapepesa macho, na alipoyafumbua mashati kumi na mawili yalikuwa yamepangwa mbele yake, mshono umenyooka kuliko wake, na msimamizi amesimama pembeni akimsifu kwamba siku hizi ametulia. Vidole vyake vilinuka sukari iliyoungua. Hakuwa ameshika sukari tangu asubuhi. Siku nyingine alikuwa sokoni akibishana na muuza nyanya, neno likiwa bado mdomoni, mara akajikuta jikoni kwake, chakula kimeiva, mumewe anakula na kutabasamu, na wimbo fulani wa taratibu unakatika kooni mwake kama mtu aliyeshikwa akiiba. Sindano hakuwa mwimbaji. Hata kwenye harusi yake walimwomba apige makofi tu.

Alimwambia mumewe. Mume akasema ni uchovu. Halafu akaongeza, huku akitazama sahani, kwamba kwa kweli siku hizi nyumba ina amani.

Neno hilo lilimchoma kuliko lolote alilowahi kumchomea mtu. Akaanza kumchunguza. Akagundua kwamba mumewe hufika nyumbani akipiga mluzi, anaingia na uso mkunjufu, kisha yeye anafungua mdomo kumwambia avue viatu vyake vichafu, na ule uso unashuka. Alikuwa akimtarajia mtu mwingine. Sindano alilia chooni siku hiyo, maji ya bomba yakiwa wazi asisikike, na tangu aolewe hakuwahi kulia kwa kujificha.

Kisha likaja la jino. Alimwinamia Kidosho kumvalisha sketi, mtoto akacheka, na jino la mbele halikuwepo. Aliuliza limeng'oka lini. Kidosho akajibu kwamba juzi, na kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeling'oa kwa uzi.

"Mimi?"

Mtoto alitazama mlangoni kwanza. Alisogea, akanong'ona. "Wewe ulikuwa hujarudi. Ni yule mwingine."

Sindano aliketi sakafuni. Akamvuta mtoto mapajani na kumwomba aseme yote, na mtoto, ambaye inaonekana alikuwa amebeba siri hiyo peke yake kwa wiki nzima, aliyasema kwa sauti ndogo, midomo ikiwa sikioni mwa mama yake: kwamba yule mwingine hagombi, anapika vizuri, anaimba, lakini hapepesi macho, na baba akienda kazini anakuja kusimama kwenye mlango wa chumba, anauliza kati yake na wewe nampenda nani, na nisipojibu anasimama tu, anasimama mpaka chumba kizima kinanuka sukari iliyoungua.

"Anasema anajifunza kupepesa," Kidosho alimaliza. "Akijua, haondoki tena. Mama, akija yeye, namba za bangili yako hazitembei."

Mtoto alitazama kioo cha bangili. Sekunde zilikuwa zinakimbia. Ndipo akamkumbatia mama yake kwa nguvu zote.

Kibanda cha fundi kilifunguliwa asubuhi na Sindano alikuwa wa kwanza kusimama pale. Kijana aliifungua simu, akamwonyesha kumbukumbu za bangili. Palikuwa na mistari ya mapigo ya moyo, halafu pengo. Mistari, pengo. Katika mapengo hayo hapakuwa na hatua wala pigo moja la moyo, ilhali ni saa zilezile alizotembea kutoka karakanani hadi nyumbani mbele ya macho ya watu. Mapengo yalikuwa yakirefuka. Safari hii fundi hakujikuna kichwa. Alisema kwamba haoni ubovu wowote, bangili inahesabu muda wa mtu aliyeivaa, na huo muda mwingine mwenye mkono hakuwepo. Akamwelekeza kwa shangazi yake.

Shangazi huyo aliitwa Mama Pasi, kwa kuwa alipiga pasi nguo za mtaa mzima kwenye baraza lake, kwa pasi ya mkaa, na waliomjua walijua pia kazi yake nyingine. Hakuacha kupiga pasi wakati Sindano akieleza. Aliuliza swali moja tu: je, alishawahi kusema kwa mdomo wake kwamba anatamani mtu wa kumpokea? Sindano alitaka kukana. Kisha akakumbuka kichumba cha nyuma cha karakana, mchana mmoja wa joto, presha imepanda, mgongo unawaka, yuko peke yake kati ya marobota ya vitambaa, na amesema laiti angetokea mtu wa kumshikia maisha yake hata dakika nne tu, apumzike.

"Basi alitokea," alisema Mama Pasi. "Na hiyo saa, nani anaisahihisha?"

"Mume wangu. Kila jioni."

Mama Pasi aliweka pasi chini. Alieleza kwamba jini huyo hakuwa na haki ya dakika hata moja, alikuwa anaazima tu. Lakini mtu wa nyumba hiyohiyo alipokuwa akizivuta zile dakika na kuzifunika, saa ikaonekana sawa, alikuwa anampa jini dakika hizo kwa hiari. Kila jioni alimpa, na kila aliyepewa huomba zaidi. Isisahihishwe tena. Na siku ya Ijumaa, mchana kweupe, yeye Mama Pasi atakuja mwenyewe.

"Dawa yangu ni ndogo," alisema. "Wote unaoishi nao watakuwepo, na kila mmoja kwa kinywa chake atamwambia mgeni aondoke, mara tatu. Hamna wa kumsemea mwenzake. Akipungua mmoja, mimi nabeba vitu vyangu, na sirudi."

Sindano alirudi nyumbani akikimbia, na jioni ile alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimpigia mumewe magoti. Alimwonyesha mapengo. Alimsimulia ya mtoto. Alimwambia kwamba anajua mdomo wake ni mzigo, anajua hajawahi kumwacha apumzike, na kama ni kunyamaza atajifunza kunyamaza, lakini huyo anayempikia siye yeye, na siku moja yeye mkewe hatarudi kabisa. Mume alimwinua. Alisema amesikia. Alisema Ijumaa atakuwepo. Sindano akamshukuru, na baadaye akajiuliza kwa nini hakumtazama machoni.

Kati ya jioni hiyo na Ijumaa palikuwa na siku tatu, na katika siku hizo tatu Sindano aliishi vipande. Alifunga mlango wa bafu asubuhi na kuufungua jioni. Alianza kumwambia Kidosho kwamba anampenda na sentensi ikaishia siku ya pili yake, mtoto akiwa amevaa nguo nyingine, na kila aliporudi alitazama mkono kwanza, bangili ikiwa nyuma kwa saa sita, saa kumi na nne, siku nzima na zaidi, na kila aliporudi mwili ulimbana kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, ngozi ikinuka ile sukari, koo likiwa limechoka kwa kuimba nyimbo asizozijua, na kwenye kioo cha kabati, kabla sura haijawa yake, macho yalikuwa yakijizoeza kufumba na kufumbua, kufumba na kufumbua, polepole, kama mtoto anayefunzwa kufunga vifungo. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alishachukua jembe, shamba na kitanda.

Ijumaa saa sita mchana Mama Pasi alifika na chetezo kidogo na bakuli la maji. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira nje, na mlango uliachwa wazi. Alimketisha Sindano katikati ya sebule, mkono wenye bangili juu ya goti, kioo kikitazama juu ili wote waone. Sekunde zilikuwa zinatembea. Mama Pasi akamwonya asizungumze hata akisikia nini.

Alianza na mtoto. Kidosho alisimama, mikono imebana sketi, akasema, "Mgeni, ondoka, nyumba ina mwenyewe." Harufu ya sukari ilijaa sebuleni mara moja. Akasema mara ya pili, na kitu kikaanza kuimba chini chini kwenye kifua cha Sindano, bila yeye kufungua mdomo. Akasema mara ya tatu huku analia, na wimbo ukayumba, na Sindano akahisi ndani yake kitu kinang'oka, kinalegea, kama uzi mgumu unapoanza kufumuka, akajua kwamba inawezekana, kwamba bado kinywa kimoja tu, na jioni hii atamgombeza mtu kwa sauti yake mwenyewe.

Mama Pasi akamgeukia mume.

"Mgeni, ondoka," alisema mume, "nyumba ina mwenyewe." Alisema vizuri.

Mara ya pili alisema kwa shida. Alikuwa akimtazama mkewe usoni, na Sindano hakujua mumewe anaona nini pale, ila alihisi midomo yake inatabasamu na si yeye aliyeitabasamisha. Tabasamu lilikuwa la upole. Kisha, kwa mara ya kwanza, macho yakapepesa bila kosa.

Mume alifungua kinywa. Akakifunga. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Nje mtu alifunga bao na watoto wakapiga kelele.

"Samahani, mama," alimwambia Mama Pasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Kwani hawezi kuwa anakuja mara mojamoja tu?"

Mama Pasi alifunika chetezo, akamwaga maji mlangoni, akachukua bakuli lake. Alipompita Kidosho alimgusa kichwani, akatoka bila kugeuka nyuma.

Sindano alitaka kusimama. Alitaka kumtukana mumewe matusi yote aliyoyajua, na alijua mengi. Alitaka kumwambia mwanawe akimbie amfuate yule mama. Alikusanya nguvu zote zilizobaki kwenye ulimi, ulimi ule ambao haujawahi kumwangusha, na haukutikisika. Akashusha macho mkononi. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na saba.

Kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya robota la vitambaa, alimsikia mtoto akilia kwamba mama usiende, usiende. Na alimsikia mwanamke mwingine, kwa kinywa chake, akimjibu taratibu kwamba nyamaza, mwanangu, mama yuko hapa.